Viluwiluwi wa kambamiti, maji ya Ziwa Tanganyika na chumvi ya Uvinza: nimekosea wapi?

Mwalimu_wa_Ujiji aliandika:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu kutoka Kigoma. Mimi ni mwalimu wa baiolojia katika shule ya sekondari, na kwa muda wa mwaka mmoja nimekuwa nikikusanya kidogo kidogo vifaa vya maabara: hadubini moja, refraktomita ya kupimia chumvi, pampu mbili za hewa na matangi manne ya kioo ya lita 20 kila moja. Nia yangu ni kuwaonyesha wanafunzi jambo ambalo kitabu hulimaliza kwa mchoro mmoja, yaani namna kambamiti wa baharini anavyobadilika umbo mara nyingi tangu anapotoka kwenye yai hadi anapofanana na mama yake. Watoto wa huku wanamjua mgebuka, kuhe na dagaa tangu wakiwa wanabebwa mgongoni, lakini wengi wao hawajapata kuiona bahari.

Mwezi uliopita nilikuwa pwani kwa shughuli za kifamilia. Jamaa yangu anayefanya kazi katika kitotoleshi, yaani mahali pa kuangulia na kulea kambamiti wachanga, alinipatia viluwiluwi wa kambamiti mkubwa mwenye milia, ambaye wataalamu humwita Penaeus monodon, walioanguliwa alfajiri ya siku ileile niliyosafiri. Tuliwafunga katika mfuko wa plastiki wenye maji ya bahari na oksijeni, tukauweka ndani ya kasha la kuhifadhia baridi pamoja na chupa mbili za maji yaliyopoa, nikapanda basi. Nilibeba pia dumu moja la maji ya bahari. Kutoka kufunga mfuko hadi kuufungua hapa Ujiji zilipita saa 27, na karibu wote walikuwa hai.

Niliwagawa katika matangi mawili. Tangi la kwanza lilikuwa na maji ya ziwa niliyoyachemsha na kuyaacha yapoe, kisha nikayatia chumvi ya Uvinza, ile ya chakula itokayo hapa mkoani kwetu, mpaka refraktomita ikasoma gramu 30 kwa lita. Tangi la pili lilikuwa na maji ya bahari kutoka kwenye dumu, nayo yalisoma gramu 32. Yote mawili yalikuwa na joto la nyuzi 28 na hewa ikipulizwa polepole. Katika tangi la kwanza viluwiluwi waliacha kuogelea baada ya saa chache, na kulipokucha wote walikuwa wamelala chini. Katika tangi la pili waliendelea kurukaruka, na siku iliyofuata wakajivua gamba na kuwa na umbo jipya: refu zaidi, lenye gamba la mviringo upande wa kichwa na mkia uliogawanyika. Nilifurahi sana, nikawaita wanafunzi waje kuangalia. Nikaanza kuwapa kiini cha yai la kuku kilichochemshwa na kukamuliwa kwa kitambaa. Siku mbili baadaye walianza kupungua, na siku ya tano tangu nifike hakubaki hata mmoja.

Naomba kuelimishwa. Ikiwa kipimo cha chumvi kilikaribiana katika matangi yote mawili, ni nini kilichowaua wale wa kwanza kwa haraka kiasi kile? Na wale wa pili, waliokuwa katika maji yao wenyewe, walikosa nini? Aidha, wanafunzi wameniuliza kama uduvi wa ziwa letu ni mabaki ya wakati ambapo Tanganyika ilikuwa bahari, nami sipendi kuwajibu kwa kubahatisha.

Fundi_wa_Kitotoleshi alijibu:

Mwalimu, pole kwa hasara, na hongera kwa kuwafikisha hai, kwa kuwa wengi huwapoteza njiani. Nimefanya kazi na viluwiluwi hawa huku pwani kwa miaka mingi. Nitaanza na tangi lako la pili kwa sababu ndilo ninaloliona waziwazi kana kwamba nilikuwapo. Wale walikufa njaa.

Kambamiti wa jamii hii habebi mayai yake. Jike huyamwaga majini usiku, mara nyingi laki kadhaa kwa mkupuo mmoja, na katika joto la nyuzi 28 huanguliwa baada ya saa 12 hadi 18 hivi. Anayetoka kwenye yai huitwa nauplio. Ana urefu wa theluthi moja ya milimita, jicho moja katikati na jozi tatu tu za viungo, wala hali kitu chochote, kwa maana hana mdomo unaofanya kazi. Anaishi kwa akiba ya kiiniyai aliyozaliwa nayo. Hujivua gamba na kupita hatua sita za unauplio kwa muda wa siku mbili hivi, na ndiyo maana sisi huwasafirisha wakiwa katika umri huo: hawahitaji kulishwa na hawachafui maji. Ubaridi kidogo uliouweka ndani ya kasha ulichelewesha ukuaji wao, jambo lililokusaidia. Lakini akiba ile ina mwisho. Siku ya pili ulipoona umbo jipya lenye gamba la mviringo, nauplio wako walikuwa wamekwisha kuwa zoea, na zoea anaanza kula saa ileile anapojivua. Hana tena kiiniyai cha kumngoja mtu.

Chakula chake cha kwanza ni mwani mdogo wa kuelea, hasa diatomu za jenasi ya Chaetoceros au Skeletonema. Si mnyama wa kuwinda. Huchuja maji kwa nywele za viungo vyake mfululizo, usiku na mchana, na kama maji hayana chembe za kutosha hupoteza nguvu nyingi kuliko anazopata. Sisi huhesabu mwani kwa hadubini na kuhakikisha kila mililita ya maji ina seli 50,000 hadi 100,000. Kiini cha yai la kuku huzama, huoza na kuchafua maji, na chembe zake nyingi ni kubwa kuliko kinywa cha zoea wa kwanza. Kuna dalili moja ambayo fundi yeyote huitazama kabla ya kitu kingine. Zoea anayekula huburuta nyuma yake uzi mrefu wa kinyesi, wakati mwingine mrefu kuliko mwili wake, na ukimweka kwenye gilasi mbele ya mwanga unauona kwa macho matupu. Je, uliuona uzi huo? Kama hukuuona, basi utumbo wake ulikuwa mtupu tangu mwanzo.

Usijilaumu, maana kosa hilo lina historia ndefu. Mjapani Motosaku Hudinaga alifaulu kupata mayai ya kambamiti na kuyaangua akiwa maabara mwaka 1934, na hakuna aliyekuwa amefanya hivyo kabla yake. Naye alikwama palepale ulipokwama wewe: nauplio walikuwa wazima, zoea wakafa. Miaka ilipita mpaka alipowapa diatomu zilizokuzwa kwa makusudi, ndipo wakavuka, na mwaka 1942 akachapisha maelezo ya makuzi yote tangu yai. Vitotoleshi vyote vya leo vimejengwa juu ya jambo hilo moja, kwamba mwani huandaliwa kabla ya kiluwiluwi.

Kwa hiyo safari ijayo anza na mwani. Siku kumi kabla ya kwenda pwani uwe tayari unakuza Chaetoceros katika chupa safi zenye maji ya bahari yaliyochemshwa, mbolea ya naitreti na fosfeti, madini ya chuma kidogo, vitamini na silikati. Silikati isikosekane, kwa sababu diatomu hujenga ganda lake kwa kitu cha jamii ya kioo, na bila silikati haiongezeki hata ukiipa jua la kutosha.

Maabara_Tabora alijibu:

Mwalimu, salamu kutoka Tabora. Fundi amemaliza suala la tangi la pili. Mimi ni mtu wa kemia, naomba nizungumzie tangi la kwanza.

Refraktomita hupima namna mwanga unavyopinda unapopita ndani ya maji, na mwanga hupinda kutokana na jumla ya vilivyoyeyuka. Ni kama mizani ya sokoni, ambayo hukwambia gunia lina kilo 90 lakini haikwambii kama ndani mna mahindi au maharage. Chumvi ya Uvinza ni kloridi ya sodiamu karibu yote, na ndiyo sababu inafaa chakulani. Maji ya bahari sivyo yalivyo. Lita moja ya bahari yenye gramu 35 za chumvi ina takriban gramu 19 za kloridi na gramu 11 za sodiamu, lakini pia ina gramu 2.7 za salfeti, gramu 1.3 za magnesiamu, na karibu gramu 0.4 za kalsiamu na kiasi kama hicho cha potasiamu. Viwango hivyo vinne vya mwisho vinaonekana vidogo, ila ndivyo vinavyomweka hai mnyama wa baharini.

Tazama ulichokitengeneza. Maji ya Ziwa Tanganyika yana magnesiamu miligramu 40 hivi kwa lita, kalsiamu miligramu 10 hivi na potasiamu miligramu 30 hivi. Ulipoongeza chumvi ya Uvinza, sodiamu na kloridi zilipanda hadi kiwango cha bahari, na hayo mengine yakabaki pale yalipokuwa. Kwa maji ya gramu 30, kiluwiluwi alitarajia magnesiamu zaidi ya mara 25 ya ile aliyoikuta, kalsiamu zaidi ya mara 30, na potasiamu mara 10 au zaidi. Chembe za mwili wake husukuma sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani bila kupumzika, na misuli na neva zake hutegemea uwiano huo. Mnyama mkubwa mwenye gamba nene angeweza kuhangaika kwa siku kadhaa. Nauplio mwenye theluthi ya milimita hana pa kujificha, ndiyo maana kwake zilitosha saa chache tu. Wengi huilaumu iodini iliyotiwa kwenye chumvi ya mezani. Kwa maoni yangu iodini si mkosaji hapa. Kosa limo katika kile kilichokosekana.

Maji ya bahari yanaweza kutengenezwa maabara. Kipimo kinachotumika sana kwa lita moja ni kloridi ya sodiamu gramu 24.7, kloridi ya potasiamu gramu 0.67, kloridi ya kalsiamu yenye molekuli mbili za maji gramu 1.36, kloridi ya magnesiamu yenye molekuli sita za maji gramu 4.66, salfeti ya magnesiamu yenye molekuli saba za maji gramu 6.29, na bikaboneti ya sodiamu gramu 0.18. Salfeti ya magnesiamu ndiyo ile inayoitwa chumvi ya Epsom. Yeyusha kila kimoja peke yake, kloridi ya kalsiamu iwe ya mwisho kuingia, kisha puliza hewa siku nzima kabla ya kuweka mnyama yeyote.

Sasa jambo ambalo huko Kigoma lazima mlitilie maanani kuliko watu wa mahali pengine. Usitumie maji ya ziwa kwa kazi hii. Yana kaboneti nyingi na pH yake huwa kati ya 8.6 na 9.2, hivyo ukimimina kloridi ya kalsiamu ndani yake utaona ukungu mweupe ukishuka chini. Huo ni chokaa, na kalsiamu uliyoinunua imekwenda nao. Ni chokaa hichohicho kinachofunika mawe ya ufukweni. Maji yaliyotoneshwa ndiyo bora. Maji ya mvua yanafaa, ila yasikingwe kwenye paa la mabati, kwa kuwa bati hupakwa zinki, na zinki kidogo sana inatosha kuwaua viluwiluwi. Tandika turubai safi uwanjani baada ya mvua kuwa imenyesha kwa muda na kuosha hewa, kisha ukinge. Maji ya bomba yana klorini, na hayo yaache yapulizwe hewa siku mbili, au tumia thayosalfeti ya sodiamu.

Chumvi ya Uvinza usiitupe. Mimi huipitia palepale stesheni ninaposafiri kwa treni kati ya Tabora na Kigoma, na huitumia kuangulia mayai makavu ya Artemia kwa ajili ya wanafunzi wangu. Artemia ni mnyama wa maziwa ya chumvi, mvumilivu ajabu. Katika gramu 25 hadi 30 za chumvi ya kawaida kwa lita, ukiongeza bikaboneti kidogo, mwanga na joto la nyuzi 28, huanguliwa ndani ya saa 24. Nauplio wake anafanana sana na wa kambamiti: jicho moja, jozi tatu za viungo. Kwa hiyo hata kabla ya kusafiri tena, wanafunzi wako wanaweza kujifunza hatua hiyo ya kwanza.

Mwalimu_wa_Ujiji aliandika:

Nawashukuru mno. Fundi, uzi wa kinyesi sikuuona hata kwa mmoja, na nilikuwa na michoro niliyoichora kila asubuhi, kwa hiyo nina uhakika. Nimeumia kugundua kwamba niliwaita wanafunzi waje kuwashangilia viluwiluwi waliokuwa wakifa njaa mbele yetu, na kesho nitawaeleza hivyo kwa sababu nao ni haki yao kujua.

Naomba nikuulize jambo moja zaidi. Nikifanikiwa kuwavusha, nitazitambuaje hatua zinazofuata? Vitabu nilivyonavyo vinataja majina bila kueleza mtu atazame nini.

Fundi_wa_Kitotoleshi alijibu:

Mwalimu, tazama anachotumia kuogelea, mengine yatafuata. Hilo ndilo nililofundishwa na mzee aliyenipokea kazini, na sijaona njia iliyo bora zaidi.

Nauplio huogelea kwa viungo vya kichwani, hasa papasi zake. Hupiga mara chache kwa mishtuko, kisha hutulia na kuanza kuzama, halafu hupiga tena. Humfuata mwangaza, na ndiyo njia tunayoitumia kuwatenga walio wazima: weka taa upande mmoja, walio hai watakusanyika pale, wagonjwa na maganda watabaki nyuma. Ukitaka kujua amefika hatua ya ngapi, hesabu nywele ngumu zilizo kwenye ncha ya mkia. Nauplio wa kwanza ana moja kila upande, na wa sita ana saba kila upande. Kati ya hatua hizo mbili zinaongezeka kadiri anavyoendelea kujivua.

Zoea bado anatumia papasi, lakini sasa ameongeza miguu ya mdomoni, kwa hiyo mwendo wake ni wa kusonga mbele bila kukatika, na uzi ukimfuata nyuma. Zoea zipo tatu, na macho ndiyo yanayokuambia. Wa kwanza macho yake yamefunikwa na gamba. Wa pili macho yamesimama juu ya vikonyo, na msumeno mdogo umechomoza katikati ya paji la uso. Wa tatu amepata mabapa ya pembeni mwa mkia, yale yatakayokuja kuwa upepeo wa mkia wa kambamiti mzima. Kila hatua huchukua siku moja na nusu hivi, ikiwa chakula na joto vipo sawa. Hapa ndipo tunapopoteza wengi, hata sisi wenye vifaa.

Kisha siku moja asubuhi utakuta wamegeuka. Utaona kiluwiluwi ananing'inia majini kichwa kikielekea chini, mkia juu, na anaposhtuliwa huruka kinyumenyume kwa kukunja tumbo. Huyo ni misisi. Injini yake imehamia kifuani: anaogelea kwa matawi ya nje ya miguu ya kifua, na papasi zimeachia kazi hiyo. Umbo lake tayari ni la kambamiti mwembamba. Hatua zake nazo ni tatu, nawe utazitofautisha kwa kutazama chini ya tumbo. Wa kwanza hapo ni laini tu, hakuna kilichochomoza. Wa pili ana vichipukizi vidogo. Wa tatu vichipukizi vimerefuka na kupata kiungo katikati, ila bado havisukumi maji. Misisi ni mwindaji, mpe nauplio wa Artemia walioanguliwa siku hiyohiyo, huku ukiendelea na mwani kwa kiasi kidogo.

Baada ya siku tatu au nne vichipukizi vile huota nywele na kuanza kupiga maji. Sasa anaogelea mbele, amelala sawasawa, kwa miguu ya tumboni, kama atakavyoogelea maisha yake yote. Sisi tunamwita kifaranga. Tangu kuanguliwa mpaka hapo ni siku 10 hadi 12 kwa joto la nyuzi 28 au 29. Kazi ya kuogelea imetoka kichwani, ikapita kifuani, ikaishia tumboni. Nimeyatazama mabadiliko hayo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na bado kila mara misisi wa kwanza anapogeuka kichwa chini huwaita vijana wangu waje kuona.

Mtafiti_Mwanga alijibu:

Mwalimu, tuko mji mmoja, mimi naishi Mwanga. Ningependa kuongeza mambo mawili.

Kwanza, kambamiti aliyeelezwa na Fundi ni mgumu kwa mtu aliye mbali na pwani kwa sababu ya ile saa ya nauplio isiyosubiri. Ipo jamii nyingine ya kamba wadogo, wale wanaopatikana kwenye madimbwi ya miamba bahari inapokupwa, ambao jike hubeba mayai chini ya tumbo kwa wiki kadhaa. Huyo unamsafirisha mama mwenyewe ndani ya ndoo yenye hewa. Mayai yanasafiri yakiwa salama, na yanapogeuka rangi na macho meusi ya viluwiluwi kuonekana ndani yake, unajua zimebaki siku chache. Anayetoka haanzi kama nauplio, kwa sababu hatua hiyo imepita ndani ya yai. Huanza moja kwa moja akiwa zoea, na kwa spishi nyingi anaweza kula Artemia mapema. Kwa shule hiyo ni nafuu kubwa.

Lakini huyo naye ana mtego wake. Idadi ya hatua za zoea katika jamii hiyo hutofautiana sana, na hata ndugu wa tumbo moja, waliolishwa vibaya, hujivua gamba mara nyingi zaidi bila kubadilika umbo kwa kiasi cha kuonekana. Ukiwafuga kwa pamoja katika tangi moja huwezi kujua nani amejivua mara ngapi. Njia ya kuaminika ni kumweka kila kiluwiluwi peke yake katika kikombe kidogo chenye namba, kumbadilishia maji na chakula kila siku kwa saa ileile, na kutafuta ganda lililovuliwa chini ya kikombe. Ganda hilo lihifadhi katika alikoholi ya asilimia 70. Wanafunzi 30 wenye kikombe kimoja kila mmoja wanaweza kupata kumbukumbu ambayo maabara kubwa haitaidharau, ilimradi hakuna anayejaza daftari kwa kukisia siku aliyokosa kuja.

Pili, swali la uduvi wa ziwa. Mwingereza J. E. S. Moore alifika ziwani mwaka 1896 na tena mwaka 1899, akaona konokono wenye maganda mazito kama ya baharini, uduvi, na kiwavimaji mdogo wa kuelea, naye akaamini kwamba Tanganyika iliwahi kuungana na bahari. Katika miaka hiyohiyo, mwaka 1899, mtaalamu wa wanyama aitwaye Calman aliwaeleza uduvi wa ziwa kwa mara ya kwanza na kuwapa jenasi ya Limnocaridina. Hoja ya Moore haikusimama. Ziwa letu limo katika ufa wa ardhi uliopanuka na kuzama kwa mamilioni ya miaka, na uduvi wake ni wa ukoo wa Atyidae, ukoo ambao makao yake ni maji baridi. Wamekaa humu muda mrefu mno mpaka wakawa spishi zisizopatikana mahali pengine popote duniani. Waambie wanafunzi kwamba uduvi hawa na kambamiti wa pwani ni jamaa wa mbali sana, ingawa supu ya uduvi hainuki tofauti.

Na ndiyo maana nakusihi jambo hili kwa moyo wote: maji yoyote yaliyowahi kukaa na kambamiti wa pwani yasifike ziwani wala kwenye mfereji unaoelekea ziwani. Kambamiti mwenyewe angekufa kwenye maji baridi, lakini kambamiti hubeba virusi, na vingine, kama kile cha madoa meupe, hushambulia jamii nyingi za kamba na kaa. Tia dawa ya klorini, acha usiku kucha, kisha mwaga mbali kwenye shimo. Na kabla ya kuleta tena mnyama yeyote hai kutoka nje ya mkoa, mwone kwanza ofisa uvuvi akuelekeze kuhusu kibali.

Mwalimu_wa_Ujiji aliandika:

Ndugu Mtafiti, onyo lako nimelipokea. Maji ya matangi yote mawili bado yamo kwenye madumu, sikuwa nimeyamwaga, na leo jioni nitayatia dawa. Nimeamua pia kutoleta kambamiti wa pwani muhula huu. Tutaanza na Artemia kwa chumvi ya Uvinza, wakati huohuo tukijifunza kukuza mwani. Nimevutiwa na wazo la vikombe vyenye namba. Je, haliwezi kufanyika kwa uduvi wa ziwa wenyewe?

Mtafiti_Mwanga alijibu:

Linaweza, tena maji yao unayo mlangoni. Uduvi wa ziwa nao hubeba mayai chini ya tumbo. Mpate jike mwenye mayai, mweke peke yake, na kabla hayajaanguliwa pima urefu wa yai moja na uhesabu yote. Katika jamii hizi, mama mwenye mayai machache makubwa kwa kawaida huzaa watoto waliokwisha kupita hatua nyingi ndani ya yai, na mwenye mayai mengi madogo huzaa zoea watakaoelea kwa muda. Wanafunzi waandike utabiri wao kwanza, kisha wasubiri waone atakayetoka.

Mvuvi_wa_Kibirizi alijibu:

Mwalimu, shikamoo. Mimi si msomi, nimesoma yote haya taratibu kupitia simu ya mwanangu. Uduvi hao sisi huwapata kila tunapovua dagaa kwa taa, hufuata mwanga pamoja na dagaa, na ukimpasua mgebuka mara nyingi unawakuta tumboni. Wenye mayai nimewaona mara nyingi, hubeba kitu cha rangi chini ya tumbo, sikuwahi kujua kwamba kuna mtu angewahitaji. Wakikaa chini ya dagaa kwenye mtumbwi hufa mara moja, kwa hiyo itabidi niwachote kwa chandarua kabla wavu haujapandishwa na kuwatia kwenye ndoo ya maji.

Sasa hivi ni mbalamwezi, hatuendi ziwani. Giza likirudi wiki ijayo tutatoka. Njoo mwaloni Kibirizi alfajiri saa kumi na mbili ukiwa na ndoo mbili zenye vifuniko na ile pampu yako ya hewa kama inatumia betri, uulize mtumbwi wenye ubavu wa kijani.